Duku Alivyotangazwa Mara Tatu

Mkurugenzi aliniomba niwaachie maandishi ya makabidhiano, kurasa mbili, yenye orodha ya vifaa na hali yake. Orodha ni hii: vipaza sauti vya mkononi viwili, kimoja kibovu, ubao wa matangazo mmoja, mguu wake wa kushoto umeegemezwa kwenye tofali, daftari za matangazo, ziko kabatini, panya wamezionja. Makabidhiano yameisha. Yanayofuata hakuna aliyeyaomba. Nayaandika kwa ajili yenu mnaobaki kwenye dawati la habari, kwa sababu wiki yangu ya mwisho nilimsikia mmoja wenu akimwambia mwenzake kwamba kazi hii ni kusoma karatasi tu.

Vyeo sitavieleza. Nilianza nikiwa mtangazaji nikamaliza nikiwa mtangazaji mkuu, na tofauti kati ya hayo mawili ilikuwa ufunguo wa kabati.

Nilirudi Juba kutoka Nakuru, ambako nilikulia na kusomea wakati wa ukimbizi. Payam yetu, yaani tarafa, ilikuwa ikitafuta mtu wa kuwatangazia wakazi habari za serikali ya mtaa kwa Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili, maana wauzaji wengi wa soko letu walitoka Uganda na wengine Kenya. Waliponisikia nikizungumza zote tatu walinipa kazi bila kuniuliza kama nina sauti. Kiswahili changu kilikuwa cha shule. Siku ya kwanza sokoni, muuza nyanya mmoja kutoka Uganda alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa heshima kama nimetumwa na polisi. Ilinichukua miezi kujifunza kutangaza bila kuwaogofya watu wa watu.

Aliyenifundisha ni Ustaz Wani, mtangazaji aliyenitangulia. Alikuwa mtu mfupi, mkimya akiwa hana kipaza sauti mkononi, na shati lake lilipigwa pasi hata majira ya matope. Alinionyesha kwamba kipaza sauti hakiwekwi mdomoni bali chini kidogo ya kidevu, na kwamba ukiwa kwenye uchochoro unakielekeza ukutani, sauti iende yenyewe. Alinifundisha kuanika betri juu ya bati zipate jua, zitoe wiki moja zaidi. Alinikataza kucheka wala kukohoa kitufe kikiwa kimebonyezwa. Niliwahi kupiga chafya mbele ya soko zima, na hadi leo kuna muuza samaki anayenisalimu kwa chafya.

Mpangilio wa matangazo ya Ijumaa mnaujua, lakini huenda hamjui sababu zake. Maji na chanjo hutangulia kwa kuwa hayangoji. Kisha zinakuja habari za biashara: nani amefungua kibanda, nani amehamia mstari mwingine, siku gani mnada wa mbuzi, tahuna ipi imesimama. Tahuna ni mashine ya kusaga nafaka, na iko kwenye orodha kwa sababu ikisimama bila watu kuambiwa, mama anatembea na gunia la mtama kichwani akakuta mlango umefungwa. Halafu zinakuja bika, yaani matanga. Harusi zinakuwa mwisho. Nilipomuuliza Ustaz Wani mbona harusi zisitangulie zichangamshe watu, alisema wenye furaha wana subira.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja. Hakuna kinachoingia kwenye daftari mpaka mtangazaji akione kwa macho yake. Alhamisi nzima tulikuwa tukizunguka. Tukiambiwa duka limefunguliwa, tuliingia tukanunua kiberiti. Tukiambiwa kuna harusi, tulikwenda kuangalia kama kuna anayechanja kuni. Safari moja nilimletea habari ya saluni mpya upande wa Bilpam, nikakiri kwamba nilikuwa nimeona bango tu. Alinirudisha kwa miguu. Nyuma ya bango lile hapakuwa na saluni, palikuwa na mbuzi watatu na mzee aliyepata bango zuri la kuzibia uwazi kwenye ua wake.

Kulikuwa pia na jambo aliloniambia mara moja tu, tukiwa tumekaa tunasubiri mvua ipite. Ukikosea harusi, alisema, unaenda kunywa soda na wenye harusi na mnacheka. Ukikosea mnada, utatukanwa siku moja. Ukikosea kifo, usirudi nyuma kukirekebisha. Nilipitia daftari zote za kabati lile, na kweli hapakuwa na tangazo hata moja la kufuta kifo.

Sasa nije kwa Duku.

Duku na mkewe walikuwa na tahuna mtaa wa New Site, wakati viwanja vingi vya huko vilikuwa bado nyasi. Duku alikuwa Mkuku, yaani wa kabila la Kuku, aliyekulia uhamishoni Uganda, akaoa huko, akarudi na mke Mlugbara kutoka Arua. Jina lake ni Ayikoru, lakini kila mtu alimwita Mama Scovia, kwa jina la binti yao. Duku alishughulika na injini, Mama Scovia akashughulika na wateja, na kati ya hao wawili nadhani Duku ndiye aliyekuwa na kazi nyepesi. Leseni ya tahuna ilikuwa kwa jina la Duku. Hivyo ndivyo karibu leseni zote za mke na mume zilivyokuwa, na hakuna aliyeliona kuwa jambo.

Siku moja mkanda wa injini ulikatika. Duku aliamua kwenda kuutafuta Nimule, mpakani, ambako ilisemekana kuna mikanda ya kweli. Mama Scovia alimwandikia namba ya mkanda kwenye kipande cha daftari la mtoto, kwa kuwa Duku alikuwa na tabia ya kwenda kutafuta kitu hiki na kurudi na kile. Akapanda lori. Baada ya siku chache dereva mmoja alisema amemwona mahali paitwapo Nesitu, karibu na Juba, anarudi, amekaa anakunywa chai. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Wakati huo barabara ile ya Nimule ilikuwa mbaya, malori yalikuwa yakishambuliwa, na mliokuwapo mnajua ilivyokuwa.

Mama Scovia alinunua mkanda mwingine mjini na akajifunza kuufunga mwenyewe. Alhamisi nilipopita kukagua, nilimkuta amejipaka grisi mpaka kiwiko. Kaka yake Duku, Kenyi, alizunguka barabarani wiki mbili akiuliza madereva, akaingia hospitali na vituo vya askari, akarudi amekonda. Nataka mjue hilo kabla sijaeleza mengine, kwa sababu watu wakisimulia habari hii humfanya Kenyi kuwa mtu wa tamaa tu. Alimtafuta ndugu yake kwa miguu yake mwenyewe.

Miezi ilipita, karibu mwaka. Alhamisi moja nilipita karibu na nyumba ya Kenyi, mistari miwili kutoka tahuna, nikakuta turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, wanawake wanachochea moto chini ya sufuria kubwa, na mchungaji ameketi na Biblia yake. Kenyi alikuja kunisalimu. Aliniambia ni bika ya Duku, inaanza kesho mpaka Jumapili, na familia imechoka kungoja.

Ustaz Wani alikuwa ameshastaafu, mimi ndiye niliyeshika daftari. Niliandika. Katika mji wetu turubai likisimama, viti vikapangwa na moto ukawashwa, hakuna mtu anayeomba kuonyeshwa maiti. Tunauliza tu chumvi na sukari zimepungua kiasi gani. Nilijiambia kwamba kanuni nimeitimiza, nimeona kwa macho. Tahuna ilikuwa mbele kidogo, mwendo wa kumaliza pipi moja mdomoni, lakini jua lilikuwa kali nami nilikuwa mtangazaji mkuu, kwa hiyo nikarudi ofisini.

Hapa niwaeleze utaratibu, maana ndio uliobeba kila kitu. Bika ikishatangazwa na ofisi, familia hukaa siku ya arobaini na kuamua nani anachukua vitu vya marehemu. Chifu huandika barua, ofisi nayo hubadilisha jina kwenye leseni na kwenye orodha ya biashara. Kwa hiyo mstari wangu mmoja kwenye sehemu ya bika ulikuwa unakwenda kuwa mstari mwingine kwenye sehemu ya biashara. Kikao cha arobaini kilikuwa cha watu wa ukoo wa Duku, na Mama Scovia alikuwa mke kutoka nje, mwenye mtoto mmoja, wa kike. Kila mtu alijua tahuna ingekwenda kwa Kenyi. Mimi pia nilijua, ila Alhamisi ile sikulifikiria.

Ijumaa nilipanda raksha, yaani bajaji, nikatangaza kwa lugha zote tatu. Vibanda vya mstari ule vilifungwa, redio zikazimwa, watu wakaanza kuelekea kwa Kenyi na mifuko ya sukari. Kwetu panapokuwa na bika, mashine za jirani nazo hunyamaza. Nilikuwa bado kwenye raksha niliposikia tahuna ya Duku ikiwashwa.

Watu wa bika walidhani Mama Scovia hajasikia. Wakatuma wanawake wawili kumwambia, wakarudi wakasema amesikia. Waombolezaji walishindwa kuimba, kwa kuwa injini ile ilikuwa na sauti ya kukatakata inayoingia katikati ya kila wimbo. Mwishowe nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta peke yake, hana mteja hata mmoja, anasaga mahindi yake. Aliniona akaendelea mpaka gunia likaisha, ndipo akapunguza injini ili tusikilizane.

"Mama Poni," akaniita, "wewe iliona Duku?"

Nikamwambia niliona turubai.

"Mimi hapana uliza turubai. Mimi nauliza Duku. Kama iko kaburi, onyesha mimi, nitazima mashine saa hii. Kama wewe hapana ona, enda sema hapana ona."

Akarudisha injini juu. Nilisimama pale nimejaa unga kama gunia. Niliona aibu, na haikuwa aibu ndogo.

Nilikwenda kwa Ustaz Wani, nyumbani kwake, alikokuwa akifuga kuku. Alinisikiliza akiwatupia punje. Kisha akanieleza kwa utulivu kwa nini nisiguse. Ofisi ikifuta kifo kimoja, alisema, matanga yajayo watu wataanza kuuliza ushahidi, na siku moja mama aliyefiwa na mtoto ataambiwa athibitishe. Mkurugenzi wa wakati huo naye alisema suala ni la familia, liachiwe chifu. Wote wawili walikuwa na hoja. Mpaka leo naamini Ustaz Wani alikuwa na hoja nzuri kuliko yangu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya maji, chanjo na mnada wa mbuzi, nilisema hivi: "Wiki iliyopita nilitangaza kifo cha Duku wa New Site. Sikuona mwili, sikuona kaburi. Niliona turubai. Ofisi haijui Duku yuko wapi. Tahuna yake inasaga." Nilisema kwa lugha tatu. Dereva wa raksha alizima injini ili asikie vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada ya siku ile.

Nilinyang'anywa kipaza sauti miezi mitatu nikawekwa kupanga fomu za chanjo. Kazi ile si mbaya, ina kivuli. Kibaya kilikuwa Kenyi. Alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Wewe ulizika ndugu yangu, sasa umefukua," akasema. "Sisi tulie wapi?"

Alisubiri kidogo kama mtu anayesubiri risiti, kisha akaondoka.

Chifu alisema hawezi kukaa kugawa vitu vya mtu ambaye serikali imesema haijui yuko wapi. Aliongeza kwamba ofisi iliyomuua na kumfufua Duku ndani ya wiki moja ingefaa kuombwa mvua pia. Kikao cha arobaini kikaahirishwa, tahuna ikabaki kwa Mama Scovia. Kwa wiki mbili hivi nilijiona shujaa.

Kisha nilirudishiwa kipaza sauti na mizunguko ya Alhamisi, nikaona nilichofanya. Mama Scovia hakuwa mke wala mjane. Wanawake wa kanisa lake hawakujua wamwambie pole au wamuulize mzee anasemaje. Mchungaji hakumwombea Duku pumziko, wala hakumwombea safari njema. Kwenye harusi hakwenda, kwenye bika za wengine alikaa nyuma na kuondoka mapema. Nyumba ya Kenyi ilianza kupeleka nafaka tahuna ya mbali, karibu na Bilpam, wakipita mbele ya mlango wake na gunia kichwani. Kila Alhamisi nilifika, nikaona injini inazunguka, nikaandika "inasaga". Alinipa kiti. Hatukuzungumzia jambo lile miaka mitatu.

Nesitu haimo kwenye payam yetu. Nilikwenda huko kwa sababu wauza mkaa wa soko letu walidai wamehamishiwa kituo kipya cha malori na walitaka kitangazwe, nami sikutaka kutangaza kituo nisichokiona. Nilikiona. Kilikuwa uwanja wa vumbi wenye kamba. Nilikaa kwenye kibanda cha chai kusubiri gari la kurudi. Mama mwenye kibanda aliposikia nimetoka New Site aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na kipande cha daftari. Kilikuwa kimeandikwa namba, na chini yake maneno mawili: "usikubali ingine."

Alinisimulia bila haraka. Madereva walimrudisha kwa lori mtu wa New Site aliyekuwa amekunywa chai kwake siku ile, sasa amejeruhiwa, wakamlaza kibandani wakitafuta gari la kumfikisha Juba. Gari halikuwahi. Walimzika nyuma, ng'ambo ya mtaro, wakasimamisha msalaba wa mti usio na jina. Wiki ileile yeye mwenyewe alikimbilia Uganda na watoto, na aliporudi hakujua amwambie nani. Mfukoni mwa yule mtu hamkuwa na kitu ila karatasi ile. Aliitunza, alisema, kwa kuwa mtu aliyeandika vile bila shaka alikuwa akingoja.

Kesho yake nilirudi Nesitu na Mama Scovia. Sikumwambia njiani, nilimwambia tulipofika. Alisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena. Akaenda ng'ambo ya mtaro akasimama mbele ya msalaba muda mrefu, kisha akaanza kung'oa nyasi. Hakulia hapo. Alilia tulipokuwa tunarudi, kichwa kwenye dirisha la gari, bila sauti, na mimi nililia pia.

Tulipokaribia mjini nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu wa ofisi. Nilimwambia kwamba naweza kunyamaza. Nilimkumbusha kwamba nikitangaza, chifu hana kisingizio tena, arobaini itakaa na tahuna itakwenda. Waliojua kaburi ni sisi na mama wa chai. Nilikuwa tayari kuliacha daftari liendelee kusema kwamba ofisi haijui.

Alifuta uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Wewe ulitangaza ofisi hapana jua Duku iko wapi," akasema. "Sasa ofisi inajua. Mimi nimechoka, Mama Poni. Mtu yangu amelala kando ya barabara kama jerikeni imeanguka kwa lori. Lete kipaza sauti Ijumaa. Lakini mimi ndio nitasema."

Kabla ya Ijumaa alinitaka twende kwanza kwa Kenyi. Nilidhani ni hatari. Alisema Kenyi ni kaka, hawezi kusikia barabarani. Tulimkuta uani anatengeneza kitanda. Mama Scovia alimpa karatasi, akamweleza mahali. Kenyi aliketi chini, palepale kwenye maranda, akalia kwa sauti kubwa mbele yetu, na mkewe akatoka ndani akaketi karibu naye.

Kwa miaka yangu yote sikuwahi kumpa raia kipaza sauti. Ijumaa ile nilimpa. Raksha ilisimama mbele ya tahuna, na nilimwonyesha kitufe na kumwambia akishike chini ya kidevu. Hakuhitaji lugha tatu.

"Mimi Ayikoru, mke ya Duku," akasema. "Duku amekufa. Kaburi iko Nesitu, mimi nimeona. Bika iko hapa kwa tahuna, siku tatu. Mashine itanyamaza siku tatu. Siku ya nne inasaga, na mimi ndio nasaga."

Akanirudishia. Nilitakiwa kuendelea na harusi, zilikuwa mbili, lakini nilimwambia dereva aondoe raksha. Wenye harusi walisubiri wiki moja. Sikupata lawama.

Kwa siku tatu New Site ilikuwa kimya hivi kwamba ulisikia kuku. Kenyi ndiye aliyeleta turubai, lile lile la mara ya kwanza, na akalifunga mwenyewe. Watu waliokwenda kwake miaka ile na mifuko ya sukari walikuja tena na mifuko ya sukari. Mchungaji alisema sala alizokuwa amezikalia. Mama Scovia alilala chini kwenye mkeka, akapokea mikono ya watu, na kila aliyefika alijua sasa amwambie nini.

Lakini wajomba wa ukoo walikuwa wamefika kutoka kijijini, na hao hawakuwa wamekuja kwa ajili ya sala. Walisema hakuna haja ya kungoja arobaini, mtu amekufa karibu miaka minne, arobaini zimepita mara nyingi. Asubuhi ya siku ya nne walimchukua chifu na Kenyi wakaja tahuna kukabidhiana. Nami nilikwenda, na daftari langu, kwa sababu jina likibadilishwa ilibidi nione.

Tulikuta beseni. Zilianza mlangoni, zikazunguka ukuta, zikapita kibanda cha mkate na cha simu, zikafika barabarani. Beseni za plastiki, za bati, ndoo, magunia nusu, kila moja na mtama au mahindi au muhogo mkavu. Pale tahuna beseni ndiyo hukaa kwenye foleni, mwenyewe huenda kutafuta kivuli, na wanawake walikuwa wamejaa kwenye vivuli vyote, wanasuka nywele, wananyonyesha. Kwa siku tatu hakuna aliyekwenda kusaga kwingine. Ndani, Mama Scovia alikuwa amejifunga kitambaa cheupe cha matanga na anakaza mkanda kwa spana.

Mjomba mkubwa alianza kusema maneno ya ukoo. Mama mmoja kutoka kivulini alimuuliza chifu, bila kuinuka, kama amekuja kusaga, na kama ndiyo, beseni yake iko wapi. Wengine walicheka kidogo. Chifu aliutazama mstari mpaka ulipoishia. Akamuuliza Kenyi kama anajua kufunga mkanda ule. Kenyi akasema hapana. Akamuuliza kama anajua ni nani angewasagia watu hawa kesho. Kenyi akautazama mkanda.

"Mashine ni yake," akasema hatimaye. "Mimi nilitaka tu ndugu yangu aliliwe."

Wajomba walipandisha sauti. Chifu aliwaambia kwamba ameshasikia kutoka kwa kaka wa marehemu na amechoka kusimama juani. Akaniambia niandike. Niliandika jina lake lote, Ayikoru, kwenye mstari wa tahuna, na barua ya chifu ilikuja wiki iliyofuata. Wajomba walirudi kijijini na basi la mchana.

Sikuondoka mara moja. Nilikaa kwenye kivuli na wale wanawake kusubiri mashine iwashwe, maana siwezi kuandika "inasaga" kabla haijasaga. Ilipowashwa hakuna aliyeshangilia, beseni ya kwanza iliingia tu, kisha ya pili. Baada ya saa mbili hivi nilimwona Kenyi anarudi. Alikuwa amebeba beseni ya mtama begani, yeye mwenyewe, mwanamume, na wanawake waliacha kusuka alipopita. Aliiweka mwisho wa mstari. Kwa kuwa hajawahi kuja kusaga, hakujua kwamba beseni inatosha, akasimama nyuma yake juani akangoja, na kila mstari uliposogea aliinama akaisukuma kwa mkono. Hakuna aliyemwambia akae kivulini. Nadhani waliona anataka kusimama.

Ilipofika zamu yake, Mama Scovia alichukua beseni bila kumtazama, akamimina mtama juu, akaweka mkono kwenye chujio.

"Shemeji," akauliza, "nikusagie laini ama ya kukwaruza?"

"Laini," Kenyi akasema. "Mama yetu yuko nyumbani, hana meno."

Mama Scovia akabadilisha chujio, akamsagia laini.